Ukitoka mabaka kwa baridi na wewe wakaa Lamu, fanya hivi

Ndugu zangu wa Amu na visiwa vyote, na nyinyi wa Malindi pia manake bahari ni ile ile, kuna kitu nataka tukiongee vizuri kwa sababu watu wengi wanacho na hakuna anayewaambia jina lake. Kuna mtu akioga maji ya birika alfajiri wakati wa kusi anatoka mabaka mikononi na mapajani, yanainuka yanawasha hatari, baada ya nusu saa au saa moja yamepotea yote, akifika hospitali hana la kuonyesha anaambiwa ni harara au ni samaki aliyekula jana. Basi anaacha pweza, anaacha kamba, anaacha mayai, na mabaka yako pale pale. Mwengine akishika barafu pale wanaposhusha samaki viganja vinafura mpaka hawezi kukunja ngumi. Mwengine akinywa sharubati ya baridi midomo inamfura. Hio ni aleji ya baridi, daktari ataiita urtikaria ya baridi, na ni ugonjwa wa kweli unaojulikana, si hasadi wala jini wala mtu kujidekeza.

Kila mara mtu akisema ana aleji ya baridi anaulizwa kwani Lamu kuna baridi gani, na hilo swali ndilo linaloumiza watu manake mgonjwa anaonekana muongo. Sikizeni. Shida si digrii za hewa peke yake, shida ni ngozi imepoa kiasi gani na kwa haraka gani. Maji yanatoa joto mwilini haraka kuliko hewa, zaidi ya mara 20, na upepo ukipiga ngozi iliyolowa yale maji yanakauka na yakikauka yanaondoka na joto, kwa hivo mtu aliyerowa juu ya mashua na kusi inavuma ngozi yake inapoa sana ata kama hewa yenyewe ni digrii 26. Bahari yetu mwezi wa Machi na Aprili huwa digrii 29 hivi, Julai na Agosti inashuka mpaka 25 hivi, na kuna watu tofauti hio inawatosha. Kila mtu ana kipimo chake. Kuna anayetoka mabaka akishika kitu cha digrii 4 tu, karibu na barafu, na kuna anayetoka kwa digrii 20 na kitu. Ndio maana ndugu wawili wanaoga maji mamoja mmoja anakuna na mwengine yuko sawa, hakuna anayedanganya hapo.

Kinachotokea ndani ni hivi. Kwenye ngozi kuna seli za kinga ambazo zimebeba kemikali inayoitwa histamini, kazi yake ni kupambana na vitu vibaya vikiingia. Kwa mwenye ugonjwa huu zile seli baridi inazifanya zimwage histamini bila sababu ya maana, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja maji, ngozi inainuka na kuwasha. Mara nyingi mabaka hayatoki ukiwa kwenye baridi, yanatoka pale ngozi inapoanza kupata joto tena, na hili liwekeni akilini manake linawapotosha watu sana, mtu anatoka baharini salama, anafika mchangani jua linampiga ndo anaanza kujikuna, basi anasema ni jua au ni mchanga.

Kwa wengi sababu ya kuanza haijulikani kabisa. Hushika sana vijana na watu wazima ambao bado umri haujaenda, na kuna wakati huanza baada ya mtu kuugua maambukizi fulani. Si wa kuambukiza, yaani humpi mtu kwa kugusana wala kulala kitanda kimoja, na hakuna chakula utakachoacha ugonjwa ukaondoka. Kwa wengi inapungua au kuisha yenyewe baada ya miaka kadhaa, kwa wengine inakaa muda mrefu.

Hakikisha kwanza ni baridi

Sisi wenye ngozi nyeusi tusitafute wekundu ule wa kwenye picha za intaneti. Kwetu baka linaweza kuwa rangi ya ngozi yako mwenyewe au jeusi kidogo kuliko pembeni, wekundu hauonekani, kwa hivo pitisha kidole. Limeinuka? Lina joto? Lina mpaka wake ukilifuata na kidole? Linawasha kuliko kuuma? Na muhimu kuliko yote, limepotea ndani ya saa chache bila kuacha alama? Hayo ndiyo mabaka ya aleji. Likikaa zaidi ya saa 24 mahali pamoja, au likiacha weusi wa kuvilia damu, au likiuma zaidi ya kuwasha, hicho ni kitu kengine na daktari lazima akiangalie.

Harara ni vipele vidogo vidogo vya joto na jasho, hukaa siku kadhaa, huyo ni mwengine. Konyeza, wengine mwaita yavuyavu, akikugusa baharini utasikia moto papo hapo na alama zake huwa za mistari mistari. Kuna na wale wanaotoka vipele vidogo sana vya kuwasha wakikimbia au wakitoka jasho, hao shida yao ni joto la mwili kupanda, wala si baridi. Vidole vikigeuka vyeupe alafu bluu kwenye baridi na kufa ganzi, bila mabaka, hio ni mishipa ya damu kujifunga, hospitali wanaijua pia na dawa zake si hizi.

Kipimo chenyewe ni rahisi na ndicho wanachotumia madaktari. Barafu. Inatiwa ndani ya glavu ya hospitali pamoja na maji kidogo, glavu inafungwa ili maji yasiguse ngozi, manake tunapima baridi hatupimi maji, alafu inawekwa upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko kwa dakika 5. Inatolewa, mnangoja dakika 10. Kama pameinuka baka lenye umbo la ile barafu na linawasha, jibu ndilo hilo. Pakiwa pamebadilika rangi tu bila kuinuka bado hujapata jibu, ngozi ya kila mtu hubadilika ikikaa na barafu. Hospitali zenye vifaa wana mashine ya kupima digrii yako halisi, kutoka 4 mpaka 44, lakini ata bila mashine daktari anaweza kuweka barafu dakika 1, 2, 3 na kuendelea aone baka linaanza wapi. Wanaotoka baka kwa dakika 3 au chini ya hapo ndio walio kwenye hatari zaidi ya mwili mzima kulipuka, kwa hivo namba hio iulize na uiandike.

Sasa nisikizeni hapa. Kama umewahi kuzirai ndani ya maji, au koo limewahi kukufunga, au ulimi umewahi kufura, hicho kipimo usikifanye nyumbani, kifanyiwe hospitali tu. Ata yule ambaye yake ni mabaka madogo asikifanye peke yake chumbani. Na kipimo kikitoka hakuna kitu usifurahie haraka, kuna watu barafu mkononi haiwafanyi chochote lakini mwili mzima ukipoa wanatoka, hao daktari anawafuatilia kwa njia nyengine.

Kuna familia chache ambazo mtoto anazaliwa nayo, mabaka yanakuja saa kadhaa baada ya kupigwa na baridi ya hewa, na homa na viungo kuuma na macho kuwa mekundu. Hio ni ya kurithi, mwaka 2001 watafiti walilipata jeni lake, linaitwa NLRP3, na kipimo cha barafu huwa hakioni kitu. Mtoto wa namna hio asiishie duka la dawa, anahitaji bingwa.

Kabla hujaenda hospitali, piga picha. Kila mara mabaka yakitoka piga na simu, mahali penye mwanga, picha moja ya karibu na moja ya mbali, na uandike ulikuwa unafanya nini, maji gani, upepo ulikuwaje, ilianza baada ya dakika ngapi ikaisha baada ya muda gani. Nawaambia picha tatu na karatasi moja ya namna hio zinamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, manake wewe utafika pale ngozi safi haina kitu.

Dawa

Dawa ya kwanza ni antihistamini zile zisizolaza, setirizini ya miligramu 10 au loratadini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku kwa mtu mzima, zinapatikana kila duka la dawa na si ghali. Kosa ninaloliona sana ni mtu kungoja mabaka yatoke ndo ameze. Hizi dawa kazi yake ni kuziba mahali histamini inapokwenda kushika, ikishashika umechelewa, kwa hivo kama kusi imeanza na wewe unatoka kila siku, meza kila siku, kama ni safari moja tu ya baridi meza saa moja au mbili kabla.

Kidonge kimoja kisipotosha usiseme dawa haifanyi kazi. Madaktari wana ruhusa kwenye miongozo yao kupandisha polepole mpaka mara nne ya dozi ya kawaida kwa ugonjwa huu, na wengi wasiosaidika na kimoja husaidika hapo, lakini nasema madaktari, si wewe na muuza duka mkapanga wenyewe, manake mwenye figo mbovu, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo kila mmoja ana hesabu yake. Ikishindikana kabisa kuna sindano inaitwa omalizumabu, ni ghali na ni ya mabingwa, lakini ijulikane kwamba ipo.

Piriton kila nyumba iko, najua. Inafanya kazi lakini inalaza, na mimi ninaowafikiria hapa ni wavuvi na manahodha wa boti, mtu amemeza Piriton saa kumi za usiku anaenda kutega, anasinzia na usukani mkononi. Mwenye kazi ya baharini, mwenye bodaboda, fundi anayepanda darini, huyo amezee zile zisizolaza na siku ya kwanza ajijaribu akiwa nyumbani aone kama zinamlewesha, manake ata setirizini kuna inaowasinzisha.

Krimu za steroidi, zile wanazouziwa dada zetu za kung'arisha pia, hazizuii mabaka haya, mtapaka mpaka ngozi iwe nyembamba na bado mtakuna. Vidonge vya steroidi vya kumeza muda mrefu navyo madhara yake ni mengi kuliko faida hapa. Dawa za kuchua zenye ukali zinazidisha mwasho. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu na mimi nayapenda lakini hayazuii baridi isifanye kazi yake. Alafu kuna dawa za maumivu, aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, kwa baadhi ya watu wenye mabaka ya aleji zinazidisha, kwa hivo ukiona wiki uliyomeza diklofenaki ya mgongo ndio mabaka yalikuwa makali, mwambie daktari, akupe parasetamo badala yake.

Mabaka yakishatoka toka kwenye baridi, vua nguo mbichi, jikaushe kwa kubonyeza taulo usisugue, vaa nguo kavu ya pamba, kaa mahali pasipo upepo. Usijimwagie maji ya moto ati ufukuze baridi, mishipa ishatanuka tayari na maji ya moto yanaitanua zaidi, presha inaweza kushuka ukaanguka bafuni. Joto la kawaida tu, polepole.

Bahari

Hapa ndipo nataka mkae sana na mimi manake hapa watu hufa. Mkono ukishika barafu, histamini inamwagika mkononi tu. Ukiruka baharini mwili mzima unapoa kwa mara moja, histamini inamwagika ngozi yote kwa pamoja, presha inaanguka, mtu anazirai akiwa ndani ya maji. Haina uhusiano na kujua kuogelea. Mtoto wa Amu aliyezaliwa akiruka kwenye ngazi za gati, anayeshinda mashindano ya kuogelea wakati wa Maulidi, akizirai ndani ya maji anazama sawa na mtu wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari, na watu watasema amepagawa au amekamatwa na msuli. Kuogelea ndicho chanzo kikubwa cha zile hali mbaya kabisa za ugonjwa huu, na hili linajulikana dunia nzima.

Kwa hivo kwanza, usiogelee peke yako, kabisa, ata hapo Shela kwenye maji ya kifuani. Awepo mtu anayejua una nini na anayejua kukutoa, na awe anakuangalia, si yuko na simu. Usiruke wala kupiga mbizi, ingia kwa miguu, kaa maji ya magotini dakika kadhaa, toka, ngoja uone ngozi inasemaje ikipata joto, kumbuka inachelewa. Viganja na nyayo zikianza kuwasha, au ukisikia kichwa chepesi, toka saa hio hio usingoje kumaliza. Kumeza kidonge asubuhi si ruhusa ya kwenda kuvuka mkondo mpaka Manda, dawa inapunguza haifuti. Na kama umewahi kuzirai ata mara moja, au kupata mabaka mwili mzima na kizunguzungu, kuogelea kuache mpaka daktari akufungulie mwenyewe.

Wavuvi, nyinyi hamuwezi kuambiwa msiguse maji, ndio riziki. Jaketi la kuokoa livaeni, na nasema livaeni manake kulikalia halisaidii kitu ukizirai. Koti la mvua lisiloingiza upepo juu ya nguo kavu, na nguo nyengine kavu ndani ya mfuko usioingia maji kwa safari ya kurudi. Mwambie nahodha na mwenzako. Anayepiga mbizi kutafuta kamba na ana ugonjwa huu, kakangu, tafuta kazi nyengine kwenye hicho chombo, juu ya maji.

Mambo ya kila siku

Maji ya birika kwenye nyumba zetu za zamani yanakaa baridi mwaka mzima manake kuta ni nene na jua halifiki, ni raha wakati wa kaskazi lakini kwa mwenye aleji ni taabu. Chemsha sufuria moja uchanganye kwenye ndoo mpaka yawe vuguvugu, anza na miguu, alafu mikono, alafu mwili, na ujikaushe humo humo bafuni kabla hujatoka uani kwenye upepo. Udhu wa alfajiri vile vile, birika dogo la maji ya uvuguvugu liwe tayari. Kwa yule ambaye ata maji hayo yanamdhuru, sheria ina ruhusa ya tayamamu na ina masharti yake, amuulize shekhe wake na amuelezee kama alivyoelezwa na daktari, asijitese na asijiamulie.

Ramadhani nina hofu nayo zaidi. Mtu amefunga kutwa nzima, adhana inaadhiniwa, anachukua glasi ya sharubati imejaa barafu anaishusha yote kwa mara moja. Kinywa na koo navyo vina ngozi yake laini na zile seli zimo humo pia. Midomo ikifura ni ishara, ulimi ukifura ni ishara kubwa, koo likifura hupumui. Mwenye ugonjwa huu tende na maji ya kawaida, juisi ya kawaida, aiskrimu na zile barafu za ukwaju za watoto awaachie wenzake. Mama mwenye mtoto kama huyo aongee na jirani na mwenye duka, manake mtoto atapewa tu.

Kinamama wenye friza, wauza samaki, wanaomenya kamba wa barafu, vaeni glavu za pamba ndani na za mpira juu. Mpira peke yake hauzuii baridi. Samaki akilala usiku nje ya friza ndani ya friji anatoa barafu mwenyewe, hukai ukimchokoa. Wapakuzi wa barafu kwenye vyombo, tumieni beleshi, si mikono.

Boti ya Mokowe, kaa upande usiorushiwa maji, funika kichwa na masikio kwa kilemba au leso, buibui ni nzuri sana kwa upepo ikiwa kavu lakini ikirowa inazidisha. Mabasi ya usiku ya Mombasa yenye kiyoyozi, ziba lile tundu la juu ya kichwa, beba shuka. Benki na maofisi vivo hivo. Vijana wetu wanaokwenda kusoma Nairobi au Eldoret, Nairobi mwezi wa Julai alfajiri hushuka mpaka digrii 11 au 12, wengi huko ndiko wanakoijua aleji yao kwa mara ya kwanza, wakiwa hosteli peke yao na maji ya bomba. Aondoke na dawa yake mkobani na aoge mchana.

Ukiumia kwenye mpira usikubali kuwekewa barafu. Ukienda kung'olewa jino mwambie daktari wa meno kabla. Na ukipasuliwa, ata ikiwa ni kujifungua kwa upasuaji, mwambie daktari wa usingizi, ana haki ya kujua manake chumba cha upasuaji ni baridi na dripu zinaingia mshipani zikiwa baridi, wakijua watazipasha na kukufunika. Wasipojua, na wewe umelala, hakuna atakayewaambia.

Kuna wanaosikia mahali kwamba ukioga baridi kila siku mwili utazoea. Kuna matibabu ya namna hio lakini hufanywa hospitali kwa kuangaliwa, kwa hatua ndogo ndogo, na ukiacha siku moja mbili kinga yenyewe inapotea, mtu anarudi maji yale yale anaanguka. Usijaribu nyumbani.

Ikiwa mbaya

Sauti inakauka, kumeza ni shida, pumzi inapiga mluzi, kizunguzungu, moyo unaenda mbio, tumbo linakata na kutapika ghafla, mtu anataka kuzirai. Moja tu katika hayo pamoja na mabaka inatosha, msingoje yote. Mtoeni kwenye maji na upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni. Mlazeni chali miguu juu, na kama pumzi ndio shida mkalisheni ameegemea miguu imenyooka. Asisimame wala asitembezwe, ati mumtie nguvu, manake presha ikiwa chini kusimama kunaweza kumuua. Asipewe chai wala maji koo likiwa limefura.

Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja upande wa nje, na ndio inayookoa, kidonge cha aleji peke yake hapo hakitoshi. Zile sindano za kujidunga mwenyewe si rahisi kupatikana kwetu, kwa hivo mwenye hali kali akae na daktari wapange mapema, anaweza kupewa dawa na kufundishwa yeye na mtu wa nyumbani. Mjini Amu mtu anabebwa mpaka hospitali ya King Fahd. Wa Shela, Matondoni, Kipungani, na zaidi nyinyi wa Faza, Kizingitini na Ndau, weka namba ya nahodha mwenye boti ya injini ambaye anapokea simu usiku, muelewane kabla, na mjue zahanati gani ya karibu ina adrenalini, muulizeni muuguzi wazi wazi leo mkiwa wazima. Akishapata nafuu asirudishwe nyumbani mbio, hali hio inaweza kurudi baada ya saa chache, akae aangaliwe.

Kwenye simu, mahali ambapo mtu anaona bila namba ya siri, andika: nina aleji kali ya baridi, nikizirai nikausheni, nilazeni, nipelekeni hospitali nipewe adrenalini, na namba ya ndugu yako. Mtoto wa shule barua ya namna hio iende kwa mwalimu wa darasa na kwa ustadhi wa madrasa, manake huko ndiko wanakoshika maji ya kutawadha pamoja na wenzake.

Baada ya mwaka hivi rudi kwa daktari mpime tena, manake inaweza kuwa inapungua na wewe bado unameza dozi ile ile. Dawa inaachwa siku chache kabla ya kipimo, yeye atakwambia ngapi, ili isifiche jibu. Dakika zikiwa zimeongezeka, yaani zamani ulitoka kwa dakika 2 na sasa mpaka 5, ni habari njema na anaweza kuanza kupunguza. Barafu ikikaa mpaka mwisho na pasiinuke kitu, msubiri mwezi wa Machi au Aprili maji yakiwa na joto, uingie mara ya kwanza mpaka magotini, na mtu wako awe amesimama pale pale.